Kamba Kwenye Msumari wa Stoo

Jumatano asubuhi, mvua ilipopumzika kidogo, Morgan Wanjala alipanda juu ya mashini ya kukata nyasi, akaketi, akazungusha ufunguo. Mashini ikasema tik. Akazungusha tena, tik. Mara ya tatu haikusema lolote.

"Imekataa?" mama yake akauliza. Alikuwa ameketi kitandani na kikombe chake cha uji, hatua mbili tu kutoka kwenye usukani, kwa maana mama huyu na mashini hii walikuwa wakilala chumba kimoja.

"Haijakataa, Mama. Imelala sana tu."

"Miezi minne. Hata mimi ningekawia kuamka."

Wanjala akacheka na kugeuza uso ili mama asimsome. Nje, kuanzia mlango wa stoo hadi ua wa kayaba kule mwisho, ekari mbili za nyasi zilikuwa zimefika magotini. Wiki tatu nyuma hapo palikuwa vumbi tupu. Kisha mvua ya Machi ikaja, na ardhi ambayo kila mtu alikuwa ameshaifanyia matanga ikaamka kwa nguvu ambazo Wanjala hakuwahi kuziona. Alisimama mlangoni siku za kwanza akaona haya hata kuzikanyaga zile nyasi. Sasa alitamani zingekuwa na subira. Jumamosi kulikuwa na harusi hapo. Ijumaa saa nane mchana watu wa hema wangefika. Kufikia saa hiyo nyasi zote ziwe zimekatwa sawasawa, na kitu pekee cha kuzikata kilikuwa kimesema tik mara mbili kikanyamaza.

Bustani hiyo ya harusi ilikuwa ya Mugure, mjane mwenye biashara zake, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Njogu. Ilikuwa kilomita tatu ndani kutoka lami ya Kitengela kwenda Isinya. Wanjala alikuwa mlinzi wake, mtunza maua wake na dereva wa mashini yake, na kwa kazi hizo tatu alipata mshahara mmoja na nyumba ya chumba kimoja nyuma ya tanki la maji. Humo aliishi na mke wake Lorine na binti yao Jackie. Kazi ikienda, nyumba inaenda nayo, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa hilo.

Desemba kiangazi kilipomaliza kila jani, Mama Njogu alifunga bustani akaenda ng'ambo kwa bintiye kulea mjukuu. Siku ya kuondoka alisimama hapo stoo, mkoba begani, akasoma kwa sauti karatasi ambayo marehemu mume wake, Mzee Hiram, alikuwa ameipigilia mlangoni miaka mingi nyuma. Mwaga petroli yote. Badilisha oili. Kwangua nyasi zilizoganda chini ya visu. Ziba njia ya hewa panya wasijenge. Toa betri, iweke mahali penye baridi, ichaji kila mwezi.

"Umeskia hiyo ya mwisho?"

"Nimeskia, Mama Njogu."

"Hii mashini ilikuwa kama mtoto wa Hiram. Nikirudi nataka niipate inawaka. Ikikataa, basi nitajua hapa sikuwa na mtu."

Na Wanjala alifanya yote, tena kwa moyo. Alilala chali chini ya mashini akakwangua hadi visu vikaonyesha uso wake. Alipaka grisi kila kiungo. Betri akaiweka juu ya ubao kwenye pembe ya stoo isiyofikiwa na jua. Januari aliichaji. Februari alikuwa amehamishiwa kwa kuku wa Mama Njogu kule Isinya, anaondoka alfajiri na kurudi jioni miguu ikimwuma, na kila jioni alisema kesho. Kesho hiyo haikufika.

*

Mama yake, Margaret, alikuja Januari kutoka Kimilili kutafutiwa dawa ya bega la kulia, ambalo lilikuwa limekataa kuinuka. Kwa desturi yao mama halali chini ya paa ambamo mwanawe aliyeoa analala na mkewe. Mtu wa ploti za kupanga kule Kitengela anaweza kuona hilo ni jambo dogo, ang'inize pazia na maisha yaendelee. Kwa Margaret hapakuwa na mjadala. Alishuka na begi lake, akaona chumba kimoja, akauliza, "Na ile nyumba ingine ni ya nini?" Ile nyumba ingine ilikuwa stoo. Basi Wanjala akaisukuma mashini ukutani, akaweka kitanda, na Mama Njogu hakuambiwa.

Jioni ile ya kwanza Margaret aliizunguka mashini mara mbili kabla ya kusema neno.

"Na hapa ni pa nini?"

"Ni pa kukalia, Mama."

"Nani anakaa?"

"Mimi. Mwenye kukata."

"Unakata nyasi umekaa?"

"Nimekaa."

Margaret aliweka kiganja juu ya kile kiti akakiacha hapo muda mrefu. Alikuwa na miaka sitini na minane, na katika hiyo hakukumbuka nyasi, magugu wala kuni alizokata bila kuinama. "Mungu ana watu wake," alisema mwishowe, wala hakusema kwa wivu. Tangu siku hiyo aliifuta vumbi kila asubuhi, akaifunika turubai kila jioni, na panya aliyethubutu kuisogelea alikutana na kiatu.

Yote hayo Wanjala aliyajua. Asilolijua alilijua Jumatano hiyo, alipoitoa betri tena na kuipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mbavu za betri zilikuwa zimevimba. Upande mmoja rangi nyeusi ilikuwa imepauka kabisa.

"Hiyo usiwe na wasiwasi nayo," mama yake alisema nyuma yake, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyetunza cha mwenyewe. "Nimeilinda sana. Ulisema imelala, na mimi nikaona hapa kwa baridi itakufa. Kila siku ukienda kwa kuku naipeleka jua, pale juu ya bati. Saa kumi naigeuza, halafu nairudisha."

Wanjala alibaki ameinama juu ya betri. Alikumbuka paa la jikoni kwao, na juu yake betri mbili za redio zikiota jua. Redio ile haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya matangazo ya vifo, na nyumba isiyosikia matangazo ilikosa kufika mazishini ikaitwa nyumba mbaya. Betri za Margaret ziliishi mwaka mzima. Majirani walikuja kumwuliza anazifanyaje.

"Kila siku, Mama?"

"Hata Jumapili. Kwani bega linanizuia kitu? Naibeba na hii mkono ya kushoto."

"Asante, Mama," Wanjala akasema.

Lorine alimfuata nyuma ya tanki. "Niliona akiianika," alisema kabla hajaulizwa. "Nikadhani wewe ndiye ulimwambia. Hata kwetu tunaanika, Baba Jackie. Nani haaniki?"

"Za redio, Lorine."

"Betri si betri?"

Yeye mwenyewe, kama si ile karatasi ya Mzee Hiram, angesema hivyo hivyo. Usilolijua ni usiku wa giza, na wao watatu walikuwa wametembea ndani yake mchana kweupe, chini ya jua la Kajiado.

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini? Nimwambie mama yangu ameniharibia kazi?"

*

Kwenda Kitengela alitembea. Ule udongo mweusi ukishanyeshewa hauruhusu gari wala bodaboda. Unashika gurudumu na kulikalia. Alibeba betri ndani ya gunia begani, na kabla hajafika lami kila kiatu kilikuwa na uzito wa jembe. Maji machache yaliyobaki ndani ya betri yalivuja, yakamtoboa suruali pajani.

Kiama, fundi wa betri karibu na soko, aliipokea mbele ya wateja watano. Akaigonga kwa ukucha, akafungua vifuniko, akachungulia, kisha akawaita wengine waje wachungulie.

"Hii imekauka kabisa, buda. Imepikwa. Nani alianika hii kitu kwa jua?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama alikuwa anakausha samaki wa omena.

"Ni mimi," Wanjala akasema.

"Wewe? Na unaonekana mtu msafi." Kiama hakuwa mtu mbaya, aliiweka kwenye chaja nusu saa kwa heshima, kama daktari anayejua jibu. Sindano ya mita haikusogea. "Enda nayo tu. Na size hii sina, Kitengela nzima hakuna. Lazima itoke Nairobi, Industrial Area. Ukilipa leo unaipata Jumatatu."

Akamtajia bei. Ilikuwa karibu mshahara wa mwezi, lakini si bei iliyomnyong'onyeza Wanjala, ilikuwa Jumatatu.

"Kuna gari linaweza kuja kuiwashia kwa waya?"

"Gari ipite wapi, kwa hiyo tope yenu? Lete mashini hapa nitaiwasha bure."

Wakacheka tena, safari hii kidogo tu. Wanjala akaifunga betri kwenye gunia akaanza kurudi. Simu ilimpata njiani.

"Morgan, nimefika Nairobi," Mama Njogu alisema. "Ijumaa naleta lori za changarawe hapo kwa barabara, halafu hema. Mashini imeamka?"

"Tunaishughulikia, Mama Njogu."

"Tuna-, wewe na nani?"

Wanjala akahamishia gunia bega la pili.

"Kama haiwaki niambie saa hii. Niko na namba ya watu wa kukodi, wanakuja na mashini zao kwa pickup asubuhi nyuma ya lori. Lakini nikikodi watu, Morgan, hiyo nyumba nitaipatia mtu mwingine. Sisemi kwa ubaya."

"Haina shida," Wanjala akasema. "Ijumaa utaipata imekatwa."

Alikata simu akasimama pale kwenye tope. Aliona kwamba hajawahi kusema uongo mkubwa namna hiyo kwa maneno machache namna hiyo.

*

Alhamisi kulipopambazuka yeye na Lorine walikuwa nyasini na mafyekeo mawili. Walifyeka bila kuzungumza hadi jua likatoka. Walipogeuka kutazama, kipande walichofyeka kilikuwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mwenzake, mabaka matupu, na bado kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu angeweza kukifunika kwa hema moja.

Saning'o, jirani wao mfugaji, alipita kando ya ua na ng'ombe wake waliobaki. Kiangazi kilikuwa kimemchukulia kumi na wanane.

"Sopa, Wanjala. Leo gari yako imekataa?"

"Imekataa, rafiki."

"Niwaachilie hawa waingie? Watamaliza kabla ya kesho kutwa."

"Na mavi yao bi harusi atakanyaga?"

Saning'o akacheka, halafu akatulia akiitazama ile nyasi ndefu iliyoinamishwa na umande. Alitazama kwa macho ya mtu aliyeona ng'ombe wakifa wakiwa wameelekeza pua mahali palipokuwa na majani. "Nyinyi watu mnakata hii kitu mnatupa," alisema. Hakuwa akilaumu, lilikuwa jambo ambalo bado lilimshinda kuamini. "Usitupe. Nitakuja kubeba." Akaswaga ng'ombe wake wakaenda.

Margaret alikuwa amesimama mlangoni pa stoo. Alikuwa amesikia yote.

"Mama Jackie," alimwita Lorine, "betri yangu iko wapi?"

Lorine aliangalia fyekeo lake. Wanjala akatangulia kujibu. "Iko sawa, Mama. Ni mimi nilisahau kuichaji Februari."

"Sikuuliza Februari. Nauliza kama ni jua."

"Mama, hiyo ni betri ya zamani, ingekufa tu."

"Morgan. Ni jua?"

Tangu utotoni mama yake alimwita papa, kama akina mama wa kwao wanavyowaita wana wao. Jina la Morgan alilitumia mara chache sana maishani, na mara zote halikumwachia njia ya kukwepa.

"Ni jua, Mama."

Margaret aliitikia kwa kichwa mara moja. Hakulia wala hakuomba msamaha. Aligeuka akaingia stoo, na Wanjala akadhani amekwenda kufunga begi lake arudi Kimilili, akatupa fyekeo kumfuata. Walikutana mlangoni. Mkononi mama alikuwa na kamba.

Ilikuwa kamba nyeusi ya urefu wa mikono miwili, fundo upande mmoja, na upande mwingine kipande cha mti kilichochongwa cha kushikia. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango miaka yote minne ya Wanjala hapo. Yeye alidhani ni ya mbwa.

"Hii ni yake," Margaret alisema. "Niliijua siku ya kwanza. Nikadhani huwa mnaitumia."

"Mama, hiyo ni mashini ya ufunguo. Bila betri haiwezi."

"Ndani yake kuna gurudumu ya chuma?"

"Iko, chini ya hicho kifuniko."

"Basi moto uko kwa gurudumu. Betri ni mtu wa kupiga hodi tu. Fungua."

Wanjala alifungua, si kwa sababu aliamini, bali kwa sababu hakuna mwana anayebishana na mama yake akiwa ameshika kamba. Kifuniko kilikuwa na bolti nne. Chini yake palikuwa na gurudumu la chuma, na katikati ya gurudumu kikombe kidogo chenye mwanya ubavuni, uliolingana na lile fundo sawasawa. Miaka minne alikuwa ameketi juu ya kitu hiki, akaosha, akapaka grisi, akajiona fundi. Mwanya ule hakuwahi kuuona.

Aliweka petroli mpya, akafuta plagi, akazungusha kamba kwenye kikombe na kuvuta kwa nguvu zake zote. Mashini ilikohoa, kamba ikamponyoka ikamchapa shavuni. Akavuta mara sita, mara kumi. Jasho likamtoka. Lorine naye akajaribu, akakaa chini kwenye nyasi.

"Mnaivuta kama ng'ombe ya wizi," Margaret alisema. "Ondokeni."

"Mama, bega."

"Ondoka, papa."

Alivua viatu. Aliweka kiganja juu ya gurudumu akalizungusha polepole, kichwa kimeinama upande, akisikiliza kwa mkono. Lilipofika mahali pakawa pazito, akasimama hapo. "Umeona? Hapa imeshika pumzi. Ukivuta imeshika pumzi, inakupiga." Akalirudisha nyuma kidogo. Akaingiza fundo kwenye mwanya, akazungusha kamba, akakishika kile kipande cha mti kwa mkono wa kushoto. "Usijifunge kamba kwa mkono. Itakung'oa." Kisha akaweka mguu mtupu kwenye tairi, na mwili wake wote mdogo ukaegemea nyuma. Haukuwa mvuto wa nguvu. Alifanya kama mtu anayeketi kwenye kiti anachojua kwamba kipo.

Mashini ikawaka.

Ilinguruma, ikatoa moshi mweupe, ikatulia kwenye mlio wake ule wa zamani, na kuku wa Lorine wakatawanyika hadi nyuma ya tanki. Lorine aliweka mikono kichwani. Jackie alikuja mbio na sare ya shule nusu kifungo. Wanjala hakusogea. Alimtazama yule bibi mwenye leso iliyofifia, asiye na viatu, kama anayemwona leo.

"Ulijulia wapi?" aliuliza, akiinua sauti juu ya mlio.

"Kwa kisiagi."

Kisiagi chao cha kusaga unga pale sokoni, ambacho baba aliwaachia alipokufa Wanjala akiwa darasa la saba. Kilimlipia karo ya bweni miaka minne. Hilo alilijua, na alilisema kila mahali kwa fahari.

"Si ilikuwa Wafula, yule kijana wa kazi, ndiye anaiwasha?"

"Wafula alienda ukiwa kidato cha kwanza. Ningemlipa na nini?"

"Kwa hivyo nani alikuwa anavuta kamba?"

Margaret alimwangalia kama mtu aliyeuliza jua linatoka wapi.

"Mara ngapi kwa siku, Mama?"

"Ikizimika unawasha. Watu wako kwa laini na debe zao." Alianza kuvaa viatu. "Usimalize petroli na maneno, papa. Kata."

Lakini Wanjala alikuwa bado hapo. Alikuwa akiona chumba cha daktari Kitengela, mwezi Januari, yeye ameketi kando ya mama yake akitafsiri, na daktari akiguna juu ya picha ya bega lililosagika. "Daktari alikuuliza," alisema. "Nilikuwa hapo. Mbona hukumwambia?"

"Aliniuliza kama nilianguka," Margaret alisema. "Sikuanguka."

*

Wanjala alikata siku nzima bila kuizima. Ekari zilifunguka nyuma yake mstari baada ya mstari, na harufu ile ya majani yaliyokatwa ikajaa kila mahali. Mara mbili ilimbidi asimamishe mashini pembeni na kufuta macho, na Lorine aliyekuwa akikusanya majani kwa ajili ya Saning'o alijifanya haoni. Petroli ilipoisha saa tisa, mama yake aliinuka kutoka kwenye benchi. "Kaa, Mama," akamwambia. Yeye mwenyewe akajaza petroli, akaweka kiganja juu ya gurudumu, akatafuta pale linaposhika pumzi, akarudisha kidogo. Ilimchukua mara tatu. Ya tatu ikawaka, na mama yake akasema tu, "Mguu wako uko mbali."

Mama Njogu alifika Ijumaa saa sita, changarawe ikiwa imemwagwa. Alisimama langoni. Miezi minne nyuma alikuwa ameacha uwanja wa vumbi. Alipita katikati ya nyasi hadi mwisho na kurudi, akitazama chini, halafu akaja stoo, na hapo akaona kitanda.

"Nani analala hapa?"

"Ni mama yangu, Mama Njogu. Kwetu mama hawezi lala kwa nyumba ya kijana yake. Ningekuambia."

"Ungeniambia." Akaangalia chini ya kiti cha mashini. "Na betri?"

"Imekufa. Niliianika kwa jua, ni makosa yangu."

"Huyo anakudanganya," Margaret alisema kutoka benchi. Alisimama, akafunga leso yake vizuri. "Ni mimi nilianika, mwenye kazi. Kila siku, kama za redio. Huyu alikuwa kwa kuku yako."

Mama Njogu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa kama betri imekufa, hii nyasi imekatwa na nini?"

Margaret akainua kamba.

Mama Njogu aliichukua. Aliishika pale kwenye kile kipande cha mti, akakigeuza, na uso wake, ambao wafanyakazi waliuogopa, ukapoteza mahali pa kujishikilia. "Hii Hiram aliichonga mwenyewe," alisema. "Kabla tuweke betri. Alijaribu kunifunza. Sikuwahi kuiwasha hata siku moja." Akamgeukia Margaret. "Umeiwasha wewe?"

"Mara moja tu. Huyu ameshajua."

"Betri nitakukata, Morgan, kidogo kidogo, kwa sababu Februari hukuchaji. Usifikirie sijui." Wanjala akaitikia kwa kichwa, kukatwa mshahara ni habari ya mtu ambaye bado ana mshahara. "Na huyu mama halali tena na petroli. Harusi ikiisha, chumba cha bi harusi kuvalia kiko wazi, kina kitanda na kioo."

"Kioo nitafanyia nini?" Margaret akauliza, na Lorine akageuka pembeni kucheka.

Kulikuwa kumebaki ukanda mmoja wa nyasi, mwembamba, kando ya tanki, ambapo jana palikuwa na maji. Wanjala aliutazama. Akaisukuma mashini nje, akafunga breki, akamshika mama yake mkono ule mzuri.

"Panda, Mama."

"Mimi?"

"Panda ukae."

Alipanda kwa kujikongoja, Lorine akimshikilia kiunoni, akaketi pembeni ya kiti kwanza kama mtu asiye na tikiti, kisha akajisogeza hadi nyuma. Mama Njogu alisimama na mkoba wake, hakukataza. Wanjala aliweka fundo kwenye mwanya, mguu karibu na tairi safari hii, akavuta mara moja, ikawaka. Akateremsha visu, akaachilia breki taratibu, akaanza kutembea kando yake, mkono kwenye gia.

Margaret aliweka mikono yake yote miwili juu ya usukani, wa kulia chini kidogo kuliko wa kushoto, akatazama mbele, akakata nyasi ameketi.